Printa ya Uongo

Kabla hajapewa hata kiti cha kukalia, mhandisi alikuwa ameshapewa jina. Mkurugenzi alimtambulisha kwenye kikao cha asubuhi, akasema huyu dada amekuja kuunganisha mifumo ya kompyuta ya hospitali. Mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza yasiyomhusu, akauliza kama kuta zitatobolewa. Watu wakacheka. Ilipofika saa nne asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshaitwa Waya, na Waya akabaki.

Aliyelifurahia jina hilo kuliko wote alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Alikuwa mkuu wa maabara hapo hapo hospitalini kwa miaka kumi na saba, mtu mrefu mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni, na wenzake walimwita Profesa kwa sababu hakuna swali aliloweza kulijibu kwa chini ya dakika kumi.

"Shemeji Waya," alimwambia walipokutana koridoni, "karibu kazini. Ukikwama niite, nitakuja na bisibisi."

"Nitakuita, Profesa. Ila mpaka umalize kunijibu nitakuwa nimestaafu."

Utani wao ulikuwa wa siku nyingi. Ulianza siku mhandisi alipopelekwa ukweni kwa mara ya kwanza. Profesa alimuuliza, mbele ya wazee, kama anajua kupika au anajua kompyuta tu. Akajibu kwamba anajua kompyuta tu, lakini wasiwe na wasiwasi, kwa sababu mdogo wake Profesa anajua kupika. Tangu hapo hakuna aliyekubali mwenzake amalize siku bila kuchomwa.

Hospitali yenyewe haikuwa kubwa: ghorofa mbili, ua katikati, mabenchi ya mbao kuzunguka ua. Ilikuwa na programu tatu. Ya mapokezi ilinunuliwa miaka sita iliyopita. Ya famasi ililetwa bure na watu waliokuwa wakiuza dawa. Ya maabara ilikuwa ya kale kuliko zote, yenye skrini ya kijani, na Profesa aliitengeneza yeye na rafiki yake enzi hizo nywele zake zikiwa nyeusi. Programu hizo ziliishi kama majirani walionuniana: ukuta kwa ukuta, lakini hakuna anayejua mwenzake kaamkaje. Mgonjwa mmoja aliandikwa mara tatu, na mara nyingine kwa tahajia tatu. Kilichoziunganisha kilikuwa karatasi, na aliyebeba karatasi alikuwa mgonjwa mwenyewe, akitoka chumba hadi chumba na homa yake.

Mhandisi alizunguka na wagonjwa kwa siku tano. Alikaa benchini, akahesabu hatua, akachora kwenye daftari. Siku ya sita akaomba kikao. Walikuja wanne: mkurugenzi, daktari wa zamu, Profesa, na mfamasia, mama mmoja mpole ambaye kwa kompyuta yake alikuwa kama kuku na vifaranga.

"Njia ziko tatu," mhandisi alisema. "Ya kwanza, tunatupa programu zote tatu, tunanunua moja kubwa inayofanya kila kitu."

Mfamasia akashika mkoba wake kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Usiogope, mama, siipendi hata mimi. Njia ya pili, tunaziunganisha mbili mbili. Mapokezi na maabara, maabara na famasi, famasi na mapokezi. Ni haraka. Lakini chumba cha eksirei kikipata kompyuta yake tutahitaji nyuzi nyingine tatu, wodi nayo ikija tutahitaji nyingine nne, na baada ya mwaka tutakuwa na kichwa cha mtoto aliyeamka sasa hivi. Hujui uanzie wapi kuchana."

"Na ya tatu?" mkurugenzi aliuliza.

"Tunaweka kitu kimoja katikati. Kila programu inaongea nacho tu, na chenyewe ndicho kinachojua nani ni nani. Kila mgonjwa anapata namba moja, ile ile kila chumba. Hiyo ndiyo ninayoipenda."

"Muda?"

"Miezi minne. Labda mitano. Kazi kubwa si kompyuta, ni sisi kukubaliana hiyo namba."

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa haraka. Hata chai aliinywa akiwa amesimama. "Bodi inakuja mwisho wa mwezi," alisema. "Waya, nionyeshe kitu kinachotembea mwisho wa mwezi. Baada ya hapo tutaongea habari za katikati."

Profesa akasafisha miwani. "Mwisho wa mwezi," alisema taratibu, "shemeji atakuwa amemaliza daftari la pili. Michoro mizuri sana. Waya wenyewe ndio hatujauona."

Kila mtu alicheka, na mhandisi alicheka nao. Lakini maneno yale yalimwingia. Alirudi mezani kwake akakaa akiangalia mchoro wa njia ya tatu, ule wenye duara katikati, aliokuwa ameuchora vizuri kwa rula. Akafunua ukurasa mwingine. Alijua anachofanya. Alijijibu kwamba ni onyesho tu, mapokezi na maabara peke yake, uzi mmoja, wiki mbili. Hakujiambia kwamba nusu ya haraka ile ilikuwa ya kumnyamazisha shemeji.

Shida ya kwanza aliikuta maabara. Programu ya Profesa haikuwa na mlango. Ilipokea majibu kwa kuandikwa, ikayahifadhi mahali ilipopajua yenyewe, na ilijua kuyatoa kwa namna moja tu: kuyachapa. Karatasi ilitoka na jina, tarehe ya kuzaliwa na majibu. Basi.

"Ongeza namba ya faili kwenye hiyo karatasi," mhandisi alimwomba. "Mstari mmoja tu, juu hapo."

Profesa alivua miwani. Akaipangusa. Akaivaa. "Mpangilio wa karatasi hii," alisema, "haubadilishwi. Ulipangwa kitaalamu."

"Na nani?"

"Na wataalamu."

Hakupata zaidi ya hapo. Akaenda akakaa siku mbili, kisha akarudi na ujanja. Aliandika programu ndogo iliyojifanya printa. Kompyuta ya maabara ilituma karatasi ikidhani inachapa kama siku zote, kumbe hakuna wino wala karatasi upande wa pili. Ile printa ya uongo iliyasoma maneno, ikatafuta kwenye mapokezi mtu mwenye jina hilo na tarehe hiyo ya kuzaliwa, ikaweka majibu kwenye faili lake. Daktari aliyaona kwenye skrini yake papo hapo.

Profesa alisimama nyuma ya kiti akaiangalia ikifanya kazi mara tatu. Alipendezwa, ilionekana alivyoirefusha shingo, lakini hakuwa mtu wa kusema.

"Shemeji," alisema mwishowe, "karatasi yangu ilitosha kuwa na jina na tarehe kwa sababu ilishikwa mkononi na mwenyewe. Hizi mashine hazijawahi hata kusalimiana, wewe unazifungisha ndoa."

"Ndoa nyingi zimeanza hivyo hivyo, Profesa, na watu wana wajukuu."

Walianza kuijaribu siku ya Jumanne. Saa mbili mpaka saa nne kila kitu kilikwenda kama maji. Daktari, kijana makini aliyesoma kila neno mara mbili, alikuwa ameshaanza kusifu.

Asubuhi ile alikuja pia baba mkwe wa mhandisi, baba yake Profesa. Alikuwa fundi cherehani mstaafu. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa mdomo, maana bado alishona kwa yeyote aliyemwambia kwamba mafundi wa siku hizi hawajui kola. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimemvimba, kiatu kimoja kavaa na kingine kakishika mkononi. Hakuwaambia wanawe kama anakuja. Alisema baadaye kwamba hakutaka kutibiwa kwa undugu.

Jina lake ni katika yale majina wanayopewa wanaume na wanawake bila ubaguzi, na jina la baba yake ni lile ambalo kwenye foleni ya watu kumi wanalo watatu. Tarehe ya kuzaliwa hakuijua, kwa sababu nyumba aliyozaliwa haikuwa na kalenda. Kwa watu kama yeye dada wa mapokezi alikuwa na dawa: alibonyeza kitufe akapita, na programu ikajaza tarehe iliyoipenda yenyewe, tarehe mosi Januari ya mwaka ambao mzee alikuwa tayari na watoto wawili. Kwa utaratibu huo nusu ya wazee wa mtaa walikuwa marika, wote wamezaliwa siku moja, na wote vijana.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyevaa ovaroli ya bluu, spana imechungulia mfukoni. Alikuwa fundi bomba. Kwa wiki mbili kichwa kilikuwa kinamzunguka akipanda ngazi, na chakula kikimchukiza. Yeye tarehe yake aliijua vizuri kabisa, lakini hakuulizwa. Foleni ilikuwa imefika mlangoni na dada wa mapokezi amechoka kuuliza. Kitufe kikabonyezwa.

Wote wawili walitoa walichotakiwa kutoa maabara, wakarudi benchini. Saa nne mapokezi wakaita jina. Wakasimama wawili.

"Kumbe tuko wawili," mzee alisema.

"Tangulia, mzee wangu," fundi bomba akamwambia. "Wewe ndiye mkubwa."

"Asante, somo yangu," mzee alisema, maana mwenye jina lako ni somo yako hata kama humjui. Akaingia akichechemea.

Daktari alimkalisha, akafungua faili, akaanza kusoma. Asidi imepanda kwenye damu. Hiyo, mzee, ni gauti, tutakupa dawa na utapunguza nyama. Mzee akaitikia kwa kichwa, huku akipanga moyoni nyama ya aina gani haitahesabiwa. Kisha daktari akafika mstari wa pili. Akasogelea skrini. Akasoma tena.

"Sema, mwanangu," mzee alimwambia. "Umri huu nimeshazika wengi. Sema."

"Mzee, hapa pamekosewa."

"Pameandikwaje?"

Daktari alikuwa kijana mkweli, na ukweli ukamtoka kabla ya busara. "Pameandikwa una mimba."

Mzee alikiangalia kidole chake. Akaliangalia tumbo lake.

"Ya miezi mingapi?" aliuliza.

"Mzee, tafadhali."

"Nauliza kwa sababu mke wangu ana presha. Lazima aambiwe kwa utaratibu."

Daktari akanyanyua simu kumwita mhandisi. Mhandisi alikuja mbio na daftari mkononi, akitegemea kuambiwa skrini imeganda. Akamkuta baba mkwe kakaa, kiatu mapajani.

"Shikamoo baba! Umekuja lini? Unaumwa?"

"Marahaba, mkwe wangu. Siumwi, nina hali." Akamwonyesha skrini kwa kiatu. "Hongera. Utapata shemeji mwingine."

Mhandisi aliusoma ule mstari. Aliona mara moja kilichotokea. Jina moja, tarehe moja, na printa yake ya uongo, kwa utiifu wote, ilikuwa imechukua karatasi mbili ikazitia faili la kwanza ililolikuta. Haikuuliza kitu, kwa sababu yeye hakuifundisha kuuliza.

"Kuna mtu mwingine," alisema. "Kuna mwanamke mahali fulani ambaye majibu yake yako hapa."

"Mahali fulani gani?" mzee alisema. "Si yuko hapo nje! Tulisimama pamoja. Mwenye spana."

Mhandisi alitoka hadi uani. Benchi lilikuwa na watu, lakini ovaroli ya bluu haikuwepo. Dada wa mapokezi alisema ndiyo, alikuja mara mbili kuulizia, kompyuta ikaonyesha maabara hawajaleta kitu, akasema ana kazi ya watu inamngoja, atapita duka la dawa anunue dawa ya minyoo, kali, ameze yaishe.

Hapo mhandisi hakuwa na la kucheka tena. Alikimbilia maabara. Profesa alimwona uso, akaacha alichokuwa akikifanya, akatajiwa jina, akafungua rejesta ya mkono. Sampuli ya thelathini na moja: jina lile, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, "ke". Akatoka nayo kifuani. Walipofika uani walimwona mzee mbele yao, peku mguu mmoja, akienda kwa kasi ambayo hakuna mtu wa gauti anaruhusiwa kuwa nayo.

Fundi bomba alikuwa getini, anafunga begi la vifaa kwenye baiskeli.

"Somo!" mzee aliita. "Somo, rudi!"

"Mzee wangu, nimekaa tangu saa mbili. Kuna bomba limepasuka kwa watu."

"Liache limwagike. Karatasi yako ilipotea njia, ikaja kwangu."

Mwanamke akasimama. "Imesemaje?"

Mzee akafungua mdomo, akamwona mkwewe anakuja mbio huku akitikisa kichwa, akaufunga. "Mimi fundi cherehani," alisema. "Ya madaktari siyajui."

"Mbona unacheka?"

"Kidole kinaniuma."

Akamtazama mzee kwa muda, kama anavyotazamwa mtu anayesema bomba halivuji huku maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kisha akaegemeza baiskeli ukutani akarudi ndani.

Walisubiri nje ya mlango wa daktari, watatu: mzee benchini, mwanawe na mkwewe wamesimama. Kwanza ilisikika sauti ya daktari, ya chini. Kisha kitu cha chuma kikaanguka sakafuni.

Mlango ulipofunguliwa, fundi bomba alimpita mhandisi na Profesa kana kwamba ni nguzo. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka sita," alisema. "Tulishaacha hata kulizungumza. Na wewe ulijua."

"Niliibeba robo saa tu, somo," mzee alisema. "Ni yako sasa. Itunze, mimi imenichosha."

Mwanamke akaanza kucheka akiwa analia, akakaa benchini pembeni yake, na kwa muda mrefu bomba la watu liliendelea kumwagika.

Mhandisi alijongea akamwomba radhi. Alimweleza kwa maneno ya kawaida kilichotokea na kwamba kosa ni lake. Fundi bomba alifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Umeunganisha bila kujua maji yanatoka wapi yanaenda wapi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Hata mimi nimewahi. Choo cha ghorofa ya juu kikaingia jikoni kwa watu." Akamgusa bega. "Hutarudia, eh?"

"Sitarudia."

Mchana ule mhandisi alizima printa ya uongo na kuomba kikao mwenyewe, kabla hajaitwa. Wote wanne walikuwa wameshasikia, pamoja na mlinzi.

"Siku ile niliwaambia njia ninayoiamini ni ya tatu," alisema, "halafu nikafanya ya pili kwa sababu ni haraka. Mtu asimlaumu dada wa mapokezi, wala maabara. Nilijua jina na tarehe havitoshi, na Profesa aliniambia. Nilitaka kitu kionekane kinatembea. Kimetembea, kikampelekea baba mkwe wangu mimba. Leo tumecheka. Yangekuwa majibu ya damu ya kuongezewa, tusingecheka."

Mkurugenzi alikuwa amekaa. Hakuna aliyekumbuka kumwona amekaa. "Na mimi ndiye niliyesema mwisho wa mwezi," alisema. Akafikiri. "Bodi nitaiambia ukweli. Miezi minne?"

"Mitano."

"Ulisema minne."

"Nilisema labda mitano. Tunaanza na namba, si na nyuzi. Kila mgonjwa namba moja, inatoka mapokezi, inaandikwa kila chumba. Programu zenu zinabaki kama zilivyo, kila moja nyumbani kwake. Katikati naweka kitu kidogo, kinachopokea na kupeleka. Kikiona watu wawili wanafanana, kinasimama na kumwita binadamu. Tunaunganisha chumba kimoja, tunakaa nacho wiki tatu, ndipo kinafuata kingine."

Watu wakageuka kumtazama Profesa. Hii ndiyo nafasi aliyokuwa akiingoja tangu siku ya harusi. Alivua miwani, akaipangusa, na wote wakajiweka sawa kwenye viti, wakijua ni dakika kumi.

"Sawa," alisema. Akatoka.

Mhandisi alimfuata hadi maabara, akidhani ameugua.

"Shemeji, funga mlango," Profesa alisema. Akajifanya anapanga vichupa. "Ile karatasi yangu. Inabadilishika."

"Uliniambia haibadilishwi."

"Mimi siwezi kuibadilisha. Inataka neno la siri, na neno la siri analo mwenzangu tuliyeitengeneza naye. Hatujaongea miaka tisa."

"Alikukosea nini?"

Profesa alihesabu vichupa viwili vitatu. "Siku anaagwa hapa, alisimama mbele ya watu wote akasema, programu hii tumeitengeneza wawili. Mimi niliandika, na huyu bwana alichagua rangi."

Mhandisi aliuma mdomo. "Ilikuwa uongo?"

"Kijani kisichoumiza macho, shemeji," Profesa alisema kwa heshima zote, "si rahisi kukipata."

Ilibidi mhandisi amkalishe, ampe simu, na amtafutie namba, ambayo ilikuwa kwake siku zote ila aliihifadhi kwa jina la "Usipokee". Simu iliita mara nne. Upande wa pili kulikuwa na upepo na mlango wa bati ukigongagonga. Yule rafiki siku hizi alikuwa anafuga sungura.

"Halo?"

"Ni mimi," Profesa alisema.

"Wewe nani?"

"Unajua mimi nani."

"Naijua sauti. Nilidhani mwenyewe ameshakufa." Mlango wa bati ukagonga tena. "Unataka nini baada ya miaka tisa?"

Profesa akaeleza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alieleza kwa dakika mbili, na alipofika kwenye habari ya baba yake na mimba, upande wa pili mtu alicheka mpaka sungura wakasikika wakikimbia.

"Mzee hajambo lakini? Alinishonea suti ya harusi yule."

"Hajambo. Anauliza habari zako kila sikukuu. Namwambia umesafiri."

"Haya. Andika neno la siri. Herufi ndogo zote, bila nafasi: alichaguarangi."

Profesa aliishika kalamu hewani. Mhandisi alimgeuzia mgongo akaangalia dirishani, mabega yakimtetemeka.

"Nilijua siku moja utaniomba," rafiki alisema. "Ila usiguse kitu peke yako, utaharibu. Nakuja Jumamosi."

Alikuja kweli, amevaa buti za shambani. Walikaa mbele ya ile skrini ya kijani kwa saa tatu, kuongeza mstari mmoja wa namba juu ya karatasi. Kazi ilichukua dakika ishirini. Muda uliobaki walibishana nani aliyesahau siku ya kuzaliwa ya nani.

Jumapili mchana mhandisi na mumewe walikwenda ukweni. Aliingia akiwa ameinamisha kichwa, tayari kuomba radhi kwa mama mkwe. Alimkuta anamsogezea mzee kigoda cha kuwekea mguu.

"Mto pia, mpe mto," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Mtu mwenye hali yake hawezi kukaa kwenye mbao tupu. Karibu, mwanangu. Huyu baba yenu tangu Jumanne hachoti hata maji, anasema daktari kamkataza vitu vizito."

Mhandisi akacheka mpaka akashika ukuta, na radhi aliyokuwa ameibeba njia nzima hakupata pa kuitua.

Miezi mitano ikawa sita. Wiki za mwanzo hazikuwa na kompyuta kabisa. Mhandisi alikaa na dada wa mapokezi kwenye dirisha lake, wakiuliza watu polepole, wakitoa kile kitufe cha kuruka tarehe na kuweka kingine kilichosema "hajui". Waliwapata watu mia tatu na kumi na mbili waliozaliwa tarehe mosi Januari ya mwaka ule ule. Waliwapata pia wawili waliokuwa mtu mmoja, na mmoja aliyekuwa mtu na mdogo wake. Bodi ilipokuja ilionyeshwa namba iliyoandikwa kwenye kadi, ikatazama kadi, ikatazamana, mkurugenzi akaiambia iwe na subira kama alivyojifunza yeye.

Kisha maabara ikaunganishwa na kitu cha katikati. Wiki ya kwanza kilisimama mara nne kumwita binadamu, na mara zote nne kilikuwa na haki. Karatasi zilipungua uani. Wagonjwa walianza kukaa benchini mikono mitupu, wengine wakidhani wamesahaulika, mpaka wanapoitwa. Ndipo ikaja zamu ya famasi. Mhandisi aliifanya kazi hiyo asubuhi mapema kabla dirisha halijafunguliwa, na kwa siku tisa alipita hapo kila saa, roho mkononi, akitegemea kuitwa.

Siku ya kumi mfamasia akamshika mkono koridoni.

"Waya, mwanangu, samahani. Sitaki kukusumbua, najua una mambo mengi. Lakini ile kazi yenu kwangu mnaanza lini? Nijiandae kisaikolojia."

"Tulianza wiki iliyopita, mama."

"Wiki iliyopita?" Mfamasia akageuka kuitazama kompyuta yake kupitia dirisha, kama mtu anayemkagua mwanawe aliyerudi safari. "Mbona sijaona kitu?"

"Dawa za wagonjwa unazionaje siku hizi?"

"Nazikuta tu zimeshaandikwa. Nilidhani daktari amebadilika tabia."

Mhandisi akamshukuru, akamwambia akiona chochote cha ajabu amwite. Akaendelea na safari yake kuelekea chumba cha eksirei, ambako walikuwa wamepata kompyuta mpya na kuifungia kabatini, wakisikia kwamba Waya anakuja.